Jina Moja Tu

Kimilili
18 Februari 1979

Mpendwa Mama Lela,

Nilifika Jumatano mchana, miguu imevimba lakini mzima. Baba Naftaly alinipokea barabarani na baiskeli, akafunga sanduku langu nyuma, tukatembea. Hakuniuliza neno mpaka nilipomaliza chai. Ndipo akasema, "Sasa nieleze." Nikamweleza. Na wewe pia nataka nikueleze, kwa sababu siku ile askari alinitoa mpaka getini kama mwizi wa biskuti, na jioni ulipokuja chumbani kunisaidia kufunga mizigo hukuuliza kitu, wala mimi sikuwa na nguvu ya kusema. Tulikunja nguo tu.

Basi ilikuwa hivi. Bwana Ngigi aliniita ofisini saa nne, kabla ya mapumziko. Alijua kila kitu kuhusu ile barua yetu. Alijua tunataka kumwomba mwenye kiwanda arudishe kifuniko cha wavu kwenye mashine ya kusukuma unga, kwa sababu magogo ya chuma yako wazi na siku moja yatamla mtu mkono. Alijua tumeandika kwamba ni yeye Ngigi aliyekitoa kifuniko ili kazi iende mbio. Alijua hata siku tuliyopanga kuitoa, Jumatatu mzee mwenye kiwanda atakapopita kukagua. Mama Lela, mambo hayo tuliyajua watu watatu: mimi, wewe, na Kanyiva, yule msichana tuliyempa ainakili kwa sababu ana mwandiko mzuri.

Akaniambia nimtaje niliyeandika naye. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayeomba chumvi. "Jina moja tu, mama, halafu urudi kwenye meza yako." Nilifikiri juu yako na Lela na vile ulivyobaki peke yako tangu marehemu. Nikamwambia niliandika peke yangu, akili yangu mwenyewe. Akafungua droo, akatoa karatasi yangu ya kufukuzwa. Ilikuwa imeshaandikwa tayari.

Kwa hiyo wewe uko salama, usiwe na wasiwasi. Lakini jihadhari na Kanyiva. Nilimwona siku mbili kabla akitoka ofisini kwa Ngigi, macho chini. Ni nani mwingine? Sitaki apate tabu, na Ngigi naye Mungu atamlipa. Nataka tu watu wajue wanakaa na nani.

Barua yenyewe nimeichoma jikoni. Nisalimie Lela.

Ni mimi,
Mama Naftaly (Khavere)


Mbotela, Nairobi
4 Machi 1979

Shoga yangu Mama Naftaly,

Baada ya salamu nyingi, mimi sijambo na Lela hajambo, ila amekuwa akiuliza kwa nini mlango wako umefungwa. Kuna watu wapya wameletwa na halmashauri, mume na mke, wanapika samaki asubuhi. Ukuta ni ule ule lakini sauti siyo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaingia ndani nikaufunga. Umesema hukunitaja. Umesema Ngigi alikupa nafasi na ukakataa. Sikujua hayo. Wallahi, shoga yangu, sikujua.

Kazini ni kama kawaida. Ngigi bado anaita mtu ofisini kila Ijumaa, na akirudi mezani hakuna anayemwuliza alichoulizwa. Wote tunafunga pakiti na kuangalia mikono yetu. Mashine bado haina kifuniko. Mzee alipita Jumatatu ile, akaonja biskuti mbili, akasema ni nzuri, akaondoka.

Kuhusu Kanyiva sina la kusema. Ni mtoto wa watu. Labda tuyaache mikononi mwa Mungu kama ulivyosema mwenyewe.

Nimekutumia kitambaa cha meza nilichokuwa nimekuahidi. Ua la pembeni sikulimaliza, macho yananisumbua siku hizi.

Wako,
Muhiba


Kimilili
25 Machi 1979

Mama Lela mpendwa,

Kitambaa kimefika na kimependeza. Mama mkwe wangu anasema watu wa Pwani wana mikono ya malaika.

Lakini wewe una moyo laini mno. "Ni mtoto wa watu." Hata mimi ni mtoto wa watu. Unajua nilivyo hapa? Nina miaka thelathini na minane, nimefanya kazi kwa mikono yangu tangu Naftaly aache ziwa, na sasa nasimama kwenye shamba la mahindi la mama mkwe nikiambiwa wapi pa kupalilia. Wake wa shemeji zangu wananiuliza kwa sauti tamu eti nilifanya nini huko Nairobi mpaka wakanifukuza. Nikisema sikufanya kitu, wanatazamana. Baba Naftaly ananitetea, lakini juzi hata yeye aliniuliza kama kweli nimemweleza yote.

Hicho ndicho kinachoniuma, Mama Lela. Kazi inaweza kupatikana. Lakini mtu aliyekula pamoja na wewe, uliyempa karatasi yako ya siri ainakili kwa mkono wake, akaibeba moja kwa moja kwa Ngigi! Usiku nalala vizuri, lakini asubuhi nikiamka ndilo jambo la kwanza kunijia, kabla hata sijajua niko wapi.

Kwa kuwa wewe hutaki kusema, nimemwandikia Jecinta. Nimemwambia wazi ni nani aliyeniuza. Jecinta ni mkubwa wa umri kule ndani na wanawake wanamsikiliza. Sikumwambia wamdhuru. Nimesema wamwache tu kama alivyo. Wasimsalimie, wasikae naye, wasimpe hata kiberiti. Aone vile mtu anavyokuwa akiwa peke yake.

Usinikasirikie. Ningeweza kunyamaza kama ningekuwa na moyo wako.

Ni mimi,
Khavere


Mbotela
22 Aprili 1979

Mama Naftaly,

Nimechelewa kujibu, nisamehe. Lela alikuwa na homa.

Wamefanya ulivyosema. Hakuna anayekaa na Kanyiva wakati wa chakula. Akifika kwenye bomba la maji, wengine wanaondoka. Mwanzoni alikuwa akijaribu kuchekesha watu kama kawaida yake. Siku hizi anakula akiwa amesimama karibu na mapipa.

Nakuomba tuliache jambo hili. Labda si yeye. Kutoka ofisini si ushahidi, kila mtu ameshawahi kutoka ofisini. Mwandikie Jecinta umwambie umefikiria tena. Wakikusikia wewe wataacha. Mimi siwezi kuwaambia, wataniuliza najuaje.

Nimechoka leo. Nitaandika vizuri siku nyingine.

Muhiba


Kimilili
6 Mei 1979

Mama Lela,

Jecinta amenijibu. Ananiambia umefanywa kiongozi wa meza tangu Machi, na kwamba sasa ni wewe unayepanga nani afanye kazi wapi. Mbona hukuniambia? Ulifikiri nitaona wivu? Kwa kweli niliona kidogo, kwa muda wa kama kunywa kikombe cha chai, halafu nikafurahi. Ngigi hakika hajui kwamba kati ya wote amemchagua yule niliyemficha. Nilicheka peke yangu kisimani.

Na sasa naelewa kwa nini unamwonea Kanyiva huruma. Uko juu yao, unataka amani. Lakini sitamwandikia Jecinta kufuta maneno yangu. Kama si Kanyiva, basi ni nani? Nitajie mtu mwingine nami nitamwomba msamaha leo hii. Huwezi, kwa sababu hayuko. Tulikuwa watatu. Ukitoa mimi na wewe, amebaki nani?

Baba Naftaly anakusalimu. Anasema siku ukija kututembelea atachinja kuku mwenyewe.

Khavere


Mbotela
17 Juni 1979

Mama Naftaly,

Isome barua hii ukiwa umekaa, na uisome mpaka mwisho hata ukitaka kuichana.

Mashine imemkata Kanyiva. Ilikuwa Jumatatu tarehe ishirini na nane Mei, saa tatu asubuhi. Magogo yalishika mkono wa kulia akisukuma unga, yakauvuta mpaka kwenye kifundo. Amepoteza vidole vitatu. Bado yuko wodini, nakwenda kumwona kila Jumatano na Jumapili.

Wewe uliifanyia kazi mashine ile, unajua mpango wake. Mmoja anasukuma unga, mwingine anasimama kwenye swichi na haondoi macho. Siku ile hapakuwa na mtu kwenye swichi. Ngigi alikuwa amemtoa Kanyiva kwenye meza akampeleka kwenye mashine, akaniachia mimi kazi ya kumtafutia mwenzake. Nilimwambia Mumina, akakataa. Nikamwambia mwingine, akasema afadhali afukuzwe. Hakuna aliyetaka kusimama na msaliti. Nikamwacha afanye peke yake, nikijiambia ni kwa siku moja. Ikawa siku tatu. Siku ya tatu alipopiga kelele, aliyekimbia kuzima swichi alitoka mbali, kwenye tanuri.

Ningeweza kusimama mimi. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Sikusimama kwa sababu niliogopa wakiniona na Kanyiva watajiuliza kwa nini namtetea, na wakijiuliza sana watafika kwangu.

Kwa sababu ni mimi, Mama Naftaly. Ni mimi niliyekutaja.

Ngigi aliniita Ijumaa ile kabla ya kufukuzwa kwako. Alinikaribisha kiti. Alisema amesikia kuna barua inaandikwa na anajua mimi nimo. Nikakana. Akapiga droo kwa kidole, akasema, "Mwenzako Khavere ameshakutaja. Nina maneno yake hapa. Nataka kusikia na upande wako, la sivyo utaondoka wewe na yeye atabaki." Sikuomba kuyaona maneno hayo. Sikusema nitakuuliza kwanza. Tumeishi ukuta kwa ukuta miaka sita, ulikaa nami eda nzima alipofariki mume wangu, ukanipikia, ukamwogesha mtoto wangu, na niliamini kwa dakika moja kwamba umeniuza. Nikaona hasira, nikaona na Lela akikosa shule. Nikamweleza yote, hata Jumatatu tuliyopanga kumpa mzee barua. Kanyiva peke yake sikumtaja, sijui kwa nini. Labda kwa kuwa hakuniuliza.

Jioni ya siku uliyofukuzwa nilikuja kukusaidia kufunga mizigo nikiwa bado nina hasira na wewe. Ndiyo maana sikuuliza kitu. Nilikuwa nikikunja nguo zako na kujisemea moyoni, mwone, ananitazama machoni kana kwamba hakufanya kitu.

Halafu ikaja barua yako. Hukunitaja. Drooni hamkuwa na kitu.

Tangu siku ile ningeweza kusema na sikusema. Uliposema ni Kanyiva nilipata nafuu. Naandika neno hilo kwa aibu lakini ndilo la kweli, nilipata nafuu. Kisha kila wiki iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi.

Kanyiva nimemwambia Jumatano iliyopita, pale kitandani. Sasa nimekwambia wewe.

Muhiba binti Haji


Kimilili
1 Julai 1979

Muhiba,

Nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyotaka.

Ungenitaja kwa njaa ningeelewa. Ungenitaja kwa kupigwa ningeelewa. Umenitaja kwa sababu uliambiwa mimi ni mtu wa kukutaja, na ukaona inawezekana. Miaka sita, na hiyo ndiyo picha yangu uliyokuwa nayo.

Halafu ukaniacha nimrarue mtoto wa watu kwa kalamu yangu, na wewe umekaa hapo unanitumia vitambaa.

Kitambaa chako nimempa mama mmoja wa kanisani. Usiniandikie tena.

Khavere


Huruma, Nairobi
29 Julai 1979

Kwako Mama Naftaly,

Ni mimi Kanyiva. Usishangae mwandiko. Naandika na mkono wa kushoto, nimeanza kujifunza juzi. Barua hii imenichukua siku nne.

Nimetoka hospitali. Nakaa kwa kaka yangu hapa Huruma, ghorofa ya tatu. Nikikaa dirishani naona watu wakienda kazini.

Mama Lela amenieleza yote. Ameniambia wewe ndiye uliyemwandikia Jecinta. Nataka ujue kitu kimoja ambacho nadhani hukukijua. Mimi sikuwa najua ni kwa nini. Hakuna aliyeniambia. Siku moja nilifika kazini nikasema habari zenu, hakuna aliyeitika. Nilifikiri hawakusikia, nikasema tena. Siku ya pili vile vile. Nikafikiri nanuka. Nilinunua sabuni nyingine. Nikafikiri labda nina ugonjwa ambao wameambiwa na mimi sijaambiwa. Nilikwenda zahanati nikapimwa, daktari akasema sina kitu. Nikafikiri labda nilimtukana mtu bila kujua, nikamwomba Mumina msamaha kwa lolote lile. Akaniangalia akaenda.

Ungeniuliza tu. Ningekuambia. Siku ile uliyoniona nikitoka kwa Ngigi, alikuwa ameniuliza nani anayelalamika kuhusu mashine. Nilisema sijui. Akasema basi nitakumbuka nikihamishwa kwenye mashine yenyewe. Ndiyo sababu alinipeleka kule. Si kwa sababu yenu peke yenu. Nakuambia ili usibebe na ya kwake.

Ile barua niliyoinakili ilikuwa nzuri. Nilikuwa nimefurahi kwamba mmeniamini. Nilikuwa mpya na nyinyi wawili mlikuwa watu wazima, na mlinichagua mimi.

Siandiki ili unijibu. Sijui kama nitataka kusoma majibu. Nilitaka tu usikie kutoka kwangu, kwa sababu mpaka leo habari zangu zote umezisikia kwa watu wengine.

Kanyiva


Mbotela
19 Agosti 1979

Mama Naftaly,

Ulinikataza kuandika. Naandika mara hii moja kwa sababu jambo hili linakuhusu, na hakuna mwingine wa kukueleza sawasawa. Ni mwezi wa Ramadhani, sitaki kuongeza wala kupunguza.

Mwezi uliopita tuliambiwa afisa wa kazi atakuja kuuliza habari za mkono wa Kanyiva. Ngigi alitukusanya akatupa maneno ya kusema: kwamba Kanyiva alikuwa mzembe na kwamba kifuniko alikitoa yeye mwenyewe. Akasema atakayesema vinginevyo atajulikana. Hakuongeza kitu, akaenda zake.

Saa ya chakula wanawake wote walikuwa ukumbi wa kufungia pakiti. Watu kumi na wanne. Nilisimama. Sikuwa nimejiandaa. Nikawaambia, "Aliyemtaja Khavere si Kanyiva. Ni mimi." Nikawaeleza kama nilivyokueleza wewe, habari ya droo na yote.

Nilitazamia kutemewa mate. Halafu Jecinta akasema, bila kuinua uso, kwamba hata yeye aliambiwa hivyo hivyo mwaka juzi. Aliambiwa Mumina ameshamtaja, naye akamtaja Mumina, na Mumina akaondolewa zamu ya asubuhi. Mumina alikuwa amekaa ubavuni pake. Akasema, "Na mimi nikakutaja wewe, Jecinta. Nilidhani nalipiza."

Basi wakaanza. Huyu akasema, yule akasema. Kati ya kumi na wanne, tisa walikuwa wametoa jina la mtu. Tisa, Mama Naftaly, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyeoza na wengine wote ni wasafi. Kwa hiyo kila mmoja alimwogopa Ngigi kwa sababu ya kazi, na alituogopa sisi zaidi, tusije tukajua. Wengine walilia. Mwanamke mmoja alikasirika, akatoka nje, mpaka leo hasemi nasi. Hatukukumbatiana. Lakini Jecinta alisema kuanzia siku hiyo hakuna siri ya ofisini. Atakayeitwa, akitoka asimame mezani mbele ya wote aseme alichoulizwa na alichojibu, neno kwa neno. Na akiambiwa fulani amemtaja, aende kwa huyo fulani amwulize uso kwa uso kabla hajafungua mdomo.

Ijumaa iliyofuata Ngigi akamwita Jecinta mwenyewe. Alipotoka alisimama mezani akayasema yote kwa sauti, mlango wa ofisi ukiwa wazi. Alisema, "Ameniambia Muhiba amesema mimi ni mchochezi. Muhiba, umesema?" Nikajibu sikusema. Akajibu, "Basi," akaketi, tukaendelea kufunga pakiti. Nilimwona Ngigi mlangoni. Ijumaa ya pili hakumwita mtu.

Afisa alipokuja tulisema ukweli, watu kumi na wawili kati ya kumi na wanne, na maneno yalilingana. Kifuniko kimerudishwa. Ngigi amehamishwa kwenye ghala la unga, hana watu chini yake. Mzee alikuja mwenyewe, akauliza kwa nini hatukumwambia mapema. Mumina akamjibu kwamba mmoja alijaribu, na akamweleza habari zako. Utapata barua ya ofisi kukuita kazini. Kanyiva ameahidiwa kazi ya ukaguzi mkono ukipona. Hajasema kama atakubali.

Uongozi wa meza niliuacha siku ile ile. Wanawake wamemchagua Jecinta. Kuna wanaonisalimia na kuna wasionisalimia. Siwalaumu, na sina ninachokuomba.

Muhiba binti Haji


Kimilili
23 Septemba 1979

Muhiba,

Barua ya ofisi imefika. Nilikaa nayo wiki mbili. Baba Naftaly alisema nisirudi mahali pale, kisha usiku mmoja akasema nirudi, kisha akasema niamue mwenyewe. Nimeamua. Naanza kazi Jumatatu tarehe mosi Oktoba.

Usije kunipokea. Na usiniulizie chumba hapo Mbotela, nimemwomba Jecinta anitafutie upande mwingine. Siwezi kukusikia ukutani tena, si sasa.

Kanyiva nimemwandikia mara mbili. Mara ya kwanza nilijieleza sana, jinsi nilivyokuwa na uchungu, jinsi nilivyodanganyika. Nilipoisoma nikaona najitetea, nikaichana. Ya pili niliandika mistari mitatu. Nilisema nilimhukumu bila kumwuliza, na kwamba nitapita Huruma siku ya kwanza nikifika, nibishe mlango, na asipofungua nitashuka ngazi. Hajajibu. Hana deni la kunijibu.

Nimefikiri sana juu yako. Hasira haijaisha, na sitaki kukudanganya kwamba iko karibu kuisha. Nikiwa kisimani bado naongea na wewe kwa sauti, watoto wananicheka. Kuna siku namwona Ngigi kuwa ndiye mwenye kosa, halafu nakumbuka kwamba Ngigi hakuwahi kula chakula changu. Ulichovunja wewe yeye hakuwa nacho cha kuvunja.

Lakini nimekumbuka pia barua zangu. Nilisema aone vile mtu anavyokuwa akiwa peke yake. Yule msichana akaenda kununua sabuni. Nikifika hapa kwenye kufikiri kwangu siwezi kuendelea mbele, lazima nitoke nje nitembee.

Kwa hiyo nimemwambia Jecinta anipange meza yenu. Asifikiri kwamba tumepatana, na wewe pia usifikiri hivyo. Nimesikia kwamba kuna wasiokusalimia. Mimi nitakusalimia. Nitafika asubuhi, nitasema hujambo Muhiba, mbele ya watu wote, na wewe utaitika. Nikiwa na neno juu yako nitakuambia wewe, usoni, na watu wasikie. Wewe pia fanya hivyo. Kazi ikiisha kila mtu ashike njia yake.

Zaidi ya hapo sina ahadi.

Khavere